Ree mbili na nane nne: maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu meza yetu ya poka, Mbeya

Tunakutana Jumamosi jioni, Uyole, chumba cha nyuma nyumbani kwangu. Huwa tuko sita, tukizidi sana nane. Katikati ya wiki baadhi yetu hucheza simuni kwa chipu za bure. Kila mgeni huja na maswali yale yale, na ni maswali mazuri, ila yanakula jioni nzima kabla hata karata hazijachangwa. Majibu ni haya.

Ni ile karata tatu ya stendi?

Hapana. Karata tatu ni wizi. Jamaa ana karata tatu juu ya boksi, wanaoshinda mbele ya macho yako ni wenzake, na ile unayoifuata kwa macho haipo pale unapodhani. Pale hakuna bahati wala hesabu. Kwenye poka wachezaji wanashindana wao kwa wao, karata zote 52 zimo kwenye mchezo, na anayegawa anabadilika kila mkono (yaani kila mzunguko mmoja wa mchezo; mkono pia ni karata ulizonazo). Ukiitwa stendi uonyeshe ree (ile karata ya A) iko wapi, shika begi lako upite.

Mimi najua albastini na lasti kadi. Poka nitaiweza?

Jioni moja inatosha. Karata ni zile zile za kopa, uru, shupaza na pau (wengi hapa huita maua). Kinachowasumbua wacheza albastini ni kwamba huku hakuna turufu. Shupaza haina ubabe juu ya kopa.

Tunacheza ile inayoitwa Texas Hold'em. Unapewa karata mbili, unaziona peke yako. Kisha katikati ya meza zinafunuliwa tano ambazo ni za wote: tatu kwa mpigo, hiyo ndiyo flopi, halafu ya nne, halafu ya tano, ambayo wenyewe huiita riva. Kila hatua unaweza kupita, kuweka dau, kulipia dau la mwenzako, kulipandisha, au kutupa karata zako ukapumzika. Mwishoni, mwenye karata tano bora kati ya saba anabeba kapu, yaani madau yote ya katikati. Na kama umewafanya wote watupe, unabeba bila kuonyesha chochote. Hapo ndipo mkwara unapopata kazi.

Mkono upi unaupiga upi?

Kutoka chini kwenda juu: karata kubwa tupu, jozi, jozi mbili, tatu za namba moja, mfuatano wa tano, flashi (yaani kopa tano tupu, au shupaza tano tupu, na kadhalika), nyumba (tatu za namba moja na mbili za namba nyingine), nne za namba moja, na mfuatano ambao wote ni wa aina moja. Ukianzia kumi ukafika ree, mfuatano huo unaitwa royal flashi, na hakuna kinachoupita.

Karata tano unaweza kuzipata kwa namna 2,598,960 tofauti. Kati ya hizo, royal flashi ni 4 tu. Kwa sababu sisi tunachagua tano kutoka saba, nafasi inakuwa nzuri zaidi: mara 1 katika 30,940. Mezani kwetu tumeiona mara moja, ya uru, na mwenyewe alizilaza chini akisema ana flashi. Jirani yake ndiye aliyezisoma mara ya pili, polepole, akaziweka sawa moja moja kwa kidole.

Mkono gani hamtausahau?

Ree mbili na nane nne. Karibu kila mgeni ameshausikia kwa namna yake, kwa hiyo nausimulia kama ulivyoandikwa usiku ule ule kwenye kaunta buku yetu.

Ilikuwa Julai. Anayeijua Uyole ya Julai anajua koti halivuliwi hata ndani ya nyumba. Jiko la mkaa lilikuwa mlangoni, dirisha wazi, chai ya tangawizi juu yake. Walibaki wawili kwenye mkono: Mwalimu, mstaafu aliyefundisha hesabu sekondari, na fundi cherehani wa Mwanjelwa ambaye ni rika la mtoto wake wa mwisho. Mwalimu ameshika ree ya shupaza na ree ya pau. Fundi ameshika nane ya kopa na nane ya pau. Flopi ikafunuka: ree ya kopa, nane ya shupaza, nne ya uru. Kila mmoja ana tatu za namba moja, na kila mmoja anajiona yuko juu.

Mwalimu akaweka vizibo viwili. (Kwetu harage la njano ni moja, jekundu ni tano, kizibo cha soda ni ishirini na tano.) Fundi akapandisha hadi vitano. Mwalimu akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, akaivaa tena, kisha akainamisha kifuniko cha sufuria kilichokuwa na mali yake yote ikamwagikia katikati. Harage moja likaviringika hadi chini ya stuli, hakuna aliyeliokota.

"Zote, mwanangu."

"Nalipia, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Funua."

Wakafunua. Katika pakiti nzima ilibaki karata moja tu ya kumwokoa fundi, nane ya uru, naye alikuwa na nafasi mbili za kuipata katika karata 45 ambazo hazijaonekana. Ni kama mara 4 katika 100. Karata ya nne ilikuwa mbili ya pau, haikumsaidia mtu. Sasa zimebaki 44 na nafasi moja. Aliyekuwa anagawa ni mama mmoja anayeuza viazi Soweto, ya hapa hapa Mbeya. Akaweka karata moja pembeni kifudifudi kama desturi, akalowesha kidole, akafunua. Nane ya uru.

Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. Akasema, "Nisamehe Mwalimu." Mwalimu alikuwa bado anaitazama ile karata. "Unisamehe wewe kwa lipi? Ndaga fijo (asante sana, kwa Kinyakyusa). Miaka yote hii sijawahi kuiona kwa macho. Lete daftari." Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa ubaoni, dau kwa dau. Chini kabisa akaongeza mstari mmoja: ningeweka zote tena.

Lakini si alikosea? Amepoteza kila kitu.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Hakukosea hata kidogo. Alipomwaga kifuniko alikuwa anashinda mara 95 na ushei katika 100. Uamuzi upimwe kwa yale uliyokuwa unayajua ulipokuwa unaamua. Riva ilikuwa bado haijazaliwa. Ukiuhukumu uamuzi kwa karata iliyofunuka baadaye, utajifunza jambo lisilo la kweli, na utaingia nalo kwenye mkono unaofuata.

Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nimeona watu wazuri wakiharibika mchezo kwa njia hiyo. Mmoja alishindwa mara mbili na ree mbili katika wiki moja, akaanza kuzitupa kabla ya flopi. Ree mbili! Mkono ambao unaupata kwa wastani mara 1 katika 221. Tulimwonyesha daftari ukurasa kwa ukurasa mpaka akakubali kuwa zimemlipa kuliko mkono mwingine wowote aliowahi kuushika.

Kwa nini basi ree mbili zinaungua sana kwenye meza za nyumbani?

Kwa sababu nyumbani hakuna anayetupa karata. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 katika 100. Wakiwa wawili, 73. Watatu, 64. Wakibaki watano wote hadi riva, inashuka hadi 49 hivi, yaani zaidi ya nusu ya mikono hiyo mwenye ree mbili anaondoka mikono mitupu. Mtu anasema ana mkosi, kumbe ameruhusu watu watano wamfuate kwa harage moja moja. Pandisha dau mapema, wabaki wawili. Ukiogopa kuwafukuza, usilalamike mmoja wao akikuta kitu kwenye riva.

Na kwa mwenye kusubiri flashi: ukiwa na kopa nne baada ya flopi, zimebaki kopa 9 pakitini. Hesabu ya haraka ya mezani ni kuzidisha kwa 4 kama zimebaki karata mbili kufunuliwa, na kwa 2 kama imebaki moja. Tisa mara nne ni 36, yaani mara 36 katika 100. Jibu kamili ni 35. Kwa hiyo flashi uliyoikosa siyo nuksi. Unaikosa mara nyingi kuliko unavyoipata, na ndivyo inavyotakiwa.

Simuni naona miujiza kila siku. Si programu inapanga karata?

Anza na mwendo. Mezani kwetu, na chai na stori, tunamaliza mikono 25, tukijitahidi 30 kwa saa. Simuni meza moja inapita 60. Ree mbili ambazo kwetu unazisubiri karibu saa tisa za mchezo, simuni zinakuja kabla ya saa nne. Na ile nane ya uru pia. Jambo la mara 1 katika 44 likikujia mara tatu usiku mmoja, hesabu kwanza umecheza mikono mingapi. Halafu kumbuka kuwa kwenye chipu za bure watu wanaweka zote wakiwa na chochote, kwa hiyo riva ina kazi kubwa kila dakika.

Jambo la pili litakushangaza. Mashine ikitengenezwa vizuri inachanga karata barabara kuliko mikono yetu. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kuwa pakiti ya karata 52, ukiigawa mafungu mawili na kuyaingiza karata zao ndani kwa ndani, inahitaji kama mara 7 ndipo ichanganyike barabara. Nani hapa anachanga mara 7? Wengi tunapangua mafungu juu chini mara tatu nne, tunagawa, na jozi za mkono uliopita bado zimeshikana kama ndugu. Tangu niliposoma hilo, mezani kwetu ni saba, na jirani anakata.

Lakini siwezi kukuambia kila programu ni safi. Mwaka 1999 wataalamu wa kompyuta waliichunguza programu moja ya poka ya mtandaoni iliyokuwa inachanga karata kwa kufuata saa ya kompyuta. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000, kwa hiyo mipangilio yake haikuweza kuzidi hapo, ilhali pakiti ya karata inaweza kupangika kwa namna ambazo hesabu yake ina tarakimu 68. Programu ile ilikuwa inachezea kwenye kona ndogo mno ya uwezekano huo, na wakaweza kujua karata zilizofichwa mchezo ukiendelea. Miaka ya 2007 na 2008 ikafichuka kashfa nyingine mbaya zaidi: akaunti zilizokuwa zinaziona karata za wenzao. Waliogundua ni wachezaji wenyewe, kwa kupekua kumbukumbu za mikono, mmoja baada ya mwingine. Hawakusema wanahisi wameibiwa, walikuwa nayo yote kwenye maandishi.

Mtandao ukikatika katikati ya mkono?

Muda wako unaisha, na kama kuna dau mbele yako karata zako zinatupwa. Imenikuta Tukuyu, mvua ile ya Tukuyu isiyoulizia msimu. Nilikuwa na nyumba ya kingi na tisa, mnara ukapotea, uliporudi mkono wangu haupo. Nilikaa kimya muda mrefu nikisikiliza bati. Kama unacheza ukiwa safarini au bando liko ukingoni, usianze mashindano marefu.

Huyu Moneymaker mnayemtaja ni mtu kweli?

Ni mtu, na jina ni lake la ukoo. Chris Moneymaker alikuwa mhasibu wa Tennessee, Marekani. Mwaka 2003 aliingia kwenye mchujo wa mtandaoni wa dola 86, akashinda njia nzima hadi nafasi ya mashindano makuu ya Las Vegas, ambako waliingia watu 839. Akabaki na Sam Farha, mchezaji wa kazi hasa.

Mkono wa kukumbukwa siyo ule alioshindia taji. Ni wa kabla yake. Moneymaker ana kingi ya shupaza na saba ya kopa. Mezani: tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza, nane ya shupaza. Anasubiri shupaza moja zaidi apate flashi, au tano au kumi apate mfuatano. Riva ikaja tatu ya kopa. Hana kitu, hata jozi. Farha ana jozi ya tisa. Moneymaker akaweka zote, akakaa kama jiwe. Farha aliwaza kwa muda, akasema wazi kuwa huenda mwenzake ameikosa flashi, na alikuwa sahihi kabisa. Kisha akatupa.

Nimeuchezesha mkono huo kwa maharage mara nyingi nikiwaeleza wageni, na bado unanisisimua. Mkwara ule uliaminika kwa sababu kila dau la nyuma lilikuwa linasimulia hadithi moja: mtu mwenye shupaza. Moneymaker akashinda dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata waliingia watu 2,576, na mwaka 2006 wakafika 8,773.

Na mkono wa karata ya kumi na karata ya mbili? Naona kijana wenu mmoja hazitupi kamwe.

Doyle Brunson, mchezaji wa Marekani, alitwaa taji hilo la Las Vegas mwaka 1976 na 1977, na mara zote mbili mkono wa mwisho alikuwa ameshika kumi na mbili, zikageuka nyumba. Zali la ajabu, na mkono huo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Kijana wetu alisikia, akaupenda. Nimemwambia kama kaka yake: Brunson alishinda kwa miaka mingi ya kutupa mikono kama hiyo.

Ree na nane nazo zina jina, mkono wa mfu. Masimulizi ya Marekani yanasema Wild Bill Hickok, mpiga bastola mashuhuri, alikuwa ameshika ree mbili na nane mbili, nyeusi tupu, alipopigwa risasi mezani katika mji wa Deadwood tarehe 2 Agosti 1876. Mwalimu alipoelezwa kuwa nyumba yake ya usiku ule ilikuwa ree tatu na nane mbili, alisema tu kuwa yeye amepona.

Wanaodhani nne za namba moja hazishindwi waangalie mashindano makuu ya mwaka 2008. Motoyuki Mabuchi alipata ree nne, Justin Phillips akamfunulia royal flashi.

Kubadilisha kiti kunaondoa nuksi?

Hapana. Badilisha kama unakaa karibu na dirisha na unasikia baridi.

Mnacheza kwa hela?

Hatuchezi. Ni maharage na vizibo, na mshindi wa jioni anachagua nani aoshe vikombe. Kuna mtu tuliyekuwa tunamheshimu aliyepeleka ada ya mtoto kwenye mchezo wa simuni, akitafuta kurudisha alichopoteza wiki iliyotangulia. Mtoto alikaa nyumbani muhula mzima. Sitaki kuona hilo likianzia chumbani kwangu.

Kisheria, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na anayeendesha kamari kama biashara, iwe kwenye jengo au mtandaoni, lazima awe na leseni. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kwa hiyo hata kwetu, kwa maharage, watoto wanakaa sebuleni.

Kwa nini mnaandika kila mkono mkubwa?

Kwa sababu kichwa kinadanganya. Miezi mitatu baada ya usiku ule nilikuwa msibani Tukuyu, jamaa mmoja nisiyemjua akanisimulia mkono wa Mwalimu. Kwake zilikuwa kingi mbili, laki mbili zilikuwa mezani, na Mwalimu alipinduka na kiti. Alikuwa anaamini kila neno. Hata fundi, ambaye karata zilikuwa mkononi mwake, siku hizi anaapa kuwa nane ilitoka kwenye karata ya nne.

Andika karata zako, kiti ulichokaa, dau la kila hatua kabla na baada ya flopi, na ulidhani mwenzako ana nini. Hilo la mwisho liandike kabla hajafunua, hata kwa neno moja. Na andika pia ulizoshinda kwa kubahatisha. Hizo ndizo tunazisahau haraka, tukabaki na vidonda peke yake, tukasema sisi hatuna nyota.

Mgeni anaruhusiwa?

Karibu. Njoo na sweta. Vizibo vipo, ila maharage ya njano yanapungua kwa sababu panya wameyagundua.

Ile nane ya uru ilikuwa na alama?

Mtu aliuliza usiku ule ule, na ilikuwa haki yake. Tuliikagua sote chini ya taa, mgongo na kona nne, tukailinganisha na zile nane tatu. Haikuwa na alama yoyote zaidi ya unyevu wa kidole cha mama wa viazi. Jumamosi iliyofuata Mwalimu aliiomba. Anaihifadhi kwenye kasha la miwani yake, na ndiyo maana pakiti ile ya zamani ina karata 51, tumeifunga kwa mpira kwenye kopo la maharage, na tunachezea mpya.